Pikapu ya dizeli: giaboksi kwanza, bei baadaye

Wafanyabiashara wengi wanaonunua pikapu za dizeli zilizotumika husikiliza injini, hutazama bodi na matairi, kisha hulipa. Kwa gari la otomatiki hilo ni kosa. Dizeli huvuta kwa nguvu hata injini ikizunguka polepole, na nguvu hiyo yote hupitia kwenye giaboksi. Mizigo mizito na milima huipasha moto, na joto huharibu mafuta yake. Mafuta hayo kwa kawaida ni mekundu. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, klachi za ndani zimeanza kuisha. Muuzaji anayekataa gari lijaribiwe mlimani likiwa na mzigo ana la kuficha. Punguzo la bei halitalipia giaboksi nyingine, wala siku ambazo bidhaa zitalala stoo.