Siri ya kipindupindu yafichuka maabarani, maji safi yangali ndoto

KILA kipindupindu kinapozuka, lawama huangukia mvua, ziwa au mama anayeuza chakula kando ya barabara. Vibanda hufungwa kwa majuma kadhaa, maafisa wa afya huwahimiza wananchi kuchemsha maji, kisha maisha hurejea yalivyokuwa hadi mkurupuko mwingine utokee.

Hata hivyo, ushahidi uliokusanywa na wanasayansi wanaochunguza jenomu, yaani jumla ya maelezo ya urithi yaliyomo ndani ya kiumbe, unaonyesha kwamba lawama hizo kwa kiasi kikubwa huelekezwa pasipofaa.

Bakteria wa kipindupindu haonekani kwa macho matupu. Lakini ndani yake mna kromosomu mbili zenye jumla ya takriban herufi milioni nne za DNA. Herufi hizo, ambazo ni za aina nne tu, zilisomwa zote na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2000. Hiyo ilikuwa miaka mitano baada ya watafiti nchini Marekani kukamilisha jenomu ya kwanza ya bakteria yeyote, Haemophilus influenzae.

Kazi yenyewe huanzia hospitalini. Kinyesi cha mgonjwa hupelekwa maabarani, ambako bakteria hukuzwa na DNA yao kutolewa. Mashine husoma vipande vya DNA hiyo, kisha kompyuta huviunganisha mithili ya mtu anayeunga upya barua iliyoraruliwa.

Bakteria anapozaana hunakili herufi zake zote, na mara chache hukosea. Katika nasaba ya kipindupindu inayosumbua ulimwengu tangu 1961, makosa yanayodumu hukadiriwa kuwa kama matatu tu kwa mwaka katika jenomu nzima. Makosa hayo ndiyo saa na ramani ya watafiti. Ikiwa bakteria wa wagonjwa wawili wanatofautiana kwa herufi moja au mbili, yamkini chanzo chao ni kimoja na cha karibuni. Tofauti zikiwa makumi, basi walitengana miaka mingi iliyopita.

Mbinu hii ilitikisa siasa za kimataifa baada ya kipindupindu kuzuka nchini Haiti mnamo Oktoba 2010, miezi tisa baada ya tetemeko kubwa la ardhi. Kuna waliodai kwamba bakteria hao walikuwa wakiishi katika maji ya eneo hilo tangu awali. Lakini mwaka wa 2011, ulinganisho wa jenomu ulibainisha kwamba bakteria wa Haiti walikaribia kufanana kabisa na wale wa Nepal, nchi iliyokuwa imetuma wanajeshi wa kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa. Ilichukua hadi Desemba 2016 kwa aliyekuwa Katibu Mkuu wa umoja huo, Ban Ki-moon, kuwaomba radhi raia wa Haiti. Wakati huo maelfu yao walikuwa tayari wamezikwa.

Zamu ya Afrika ilifika mwaka wa 2017. Uchunguzi wa bakteria 1,070 kutoka mataifa 45 ya bara hili, waliokusanywa katika kipindi cha miaka 49, ulionyesha kwamba mikurupuko yote ilitokana na nasaba moja iliyopanuka. Nasaba hiyo iliingizwa barani angalau mara 11 tangu 1970, kupitia Afrika Magharibi kwa upande mmoja, na Afrika Mashariki na Kusini kwa upande mwingine. Matawi matano ya mwisho yote yalitoka Asia, na yalikuja yakiwa na usugu dhidi ya dawa kadhaa.

Kwa Kenya, iliyoripoti ugonjwa huo kwa mara ya kwanza mwaka wa 1971, maana ya matokeo hayo ni nzito. Ikiwa mkurupuko mkubwa huletwa na binadamu anayesafiri, basi hauwezi kusingiziwa ziwa. Aidha, msafiri mmoja mgonjwa hawezi kuangusha mji wenye maji safi na vyoo vya kutosha. Huangusha mtaa wa mabanda ambako mtungi wa maji hununuliwa, na bomba la maji hupita katikati ya mtaro wa majitaka.

Isitoshe, eneo hili si mpokeaji tu. Utafiti wa 2019 ulibaini kwamba tawi lililosababisha janga la Yemen lilitoka Asia Kusini, likazua mikurupuko Afrika Mashariki, kisha likatokea Yemen, nchi iliyokuwa vitani. Mkurupuko ambao haukuzimwa huku ulikuwa sehemu ya njia iliyofikisha maafa kwa majirani ng'ambo ya bahari.

Hapa ndipo sayansi inapogongana na siasa. Serikali nyingi huchelea kutangaza kipindupindu kwa kuhofia watalii na soko la mazao. Hofu hiyo ina msingi. Botswana na Afrika Kusini zilipofichua aina ya Omicron ya virusi vya corona mnamo Novemba 2021, zilizawadiwa kwa marufuku ya usafiri. Hata hivyo, wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na jenomu zimeifanya kazi ya kuficha kuwa ngumu zaidi.

Suala la pili ni umiliki. Kwa miaka mingi, sampuli za Kiafrika zilisafirishwa Ulaya kusomwa huko. Hali imeanza kubadilika. Tangu 2020, watafiti wa KEMRI-Wellcome mjini Kilifi walisoma jenomu za virusi vya corona humu nchini, na Oktoba mwaka huo Umoja wa Afrika ulianzisha mpango wa dola milioni 100 wa kuimarisha maabara za aina hiyo barani. Lakini Mkataba wa Majanga wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ulipopitishwa Mei 2025, sehemu inayohusu ugavi wa vimelea, jenomu zake na manufaa yatokanayo iliachwa kwa mashauriano zaidi. Hilo ladhihirisha jinsi mataifa tajiri na maskini yanavyotofautiana kuhusu nani atoe na nani apate.

Ugavi huo si jambo dogo. Mnamo Oktoba 2022, uhaba wa chanjo ya kipindupindu ulilazimisha mashirika ya kimataifa kupunguza dozi kutoka mbili hadi moja kwa kila mtu katika kukabiliana na mikurupuko.

Jenomu inaweza kueleza bakteria alikotoka, alivyopita na dawa zipi hazimwezi. Haiwezi kuchimba kisima wala kutandaza bomba. Ujuzi unaohitajika kukomesha kipindupindu ulijulikana kabla ya mashine hizi kuundwa. Tofauti ni kwamba sasa kila mkurupuko huacha kumbukumbu iliyoandikwa, na viongozi watakaoulizwa kwa nini watu walikufa hawatakuwa na mvua ya kusingizia.