Dawa Mpya ya Jicho na Mtoto wa Nyanza-Lac

Wako wenzetu wasemao kwamba majaribio ya dawa yafanywe huko huko Ulaya, mtoto wa huku ziwani asiguswe. Wengine husema dawa yoyote mpya na iletwe, maana tumechoka kuzika. Maneno yote mawili siyakubali.

Ugonjwa ninaousema ni saratani ya jicho la watoto, ambayo madaktari huiita retinoblastoma. Humpata mtoto mmoja katika kila 16,000 au 18,000 wanaozaliwa, mara nyingi kabla hajatimiza miaka mitano. Dalili yake ya kwanza ni weupe katika mboni: mwanga ukimpiga mtoto usoni, jicho hung'aa kama la paka. Kwa kawaida mama ndiye auonaye kwanza, usiku taa ikiwaka, na siku hizi huonekana hata katika picha ya simu.

Dawa ya saratani ikitiwa katika mshipa wa mkono huzunguka mwili mzima, ikamnyonyoa mtoto nywele na kumpunguzia damu, na jichoni hufika kidogo tu. Kwa hiyo wataalamu walitafuta njia ya kuipeleka mahali penyewe. Mwaka 2006 Abramson na Gobin wa New York walianza kupitisha mrija mwembamba toka kwenye paja hadi mshipa unaolisha jicho. Wajapani walikuwa wamekwisha kuwatangulia katika njia hiyo. Munier wa Lausanne, Uswisi, alitengeneza namna ya kuchoma sindano ya melfalani ndani ya jicho, akiligandisha kwa baridi tundu la sindano ili chembe za ugonjwa zisipenye nje. Huko Toronto, Kanada, wanajaribu kibandiko chenye topotekani, kinachowekwa juu ya weupe wa jicho kwa nyuma, kikatoa dawa polepole.

Kazi nzuri mno. Lakini yote hayo yataka ugonjwa uwe bado ndani ya jicho, na hapo ndipo tunaposhindwa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020, wa watoto 4,351 kutoka nchi 153, ulionyesha kwamba katika nchi maskini watoto 49 kwa mia waligunduliwa ugonjwa umekwisha kutoka nje ya jicho. Katika nchi tajiri hawakufika 2 kwa mia. Kwao mtoto hugunduliwa akiwa na miezi 14 hivi, katika nchi maskini miezi 30. Miezi hiyo kumi na sita huenda wapi? Huenda kwa mganga, huenda katika kutafuta nauli ya Bujumbura, huenda katika dawa ya matone na neno la "rudi mwezi ujao".

Tena liko jambo watu wasilopenda kulisikia. Kwa watoto wengi wa kwetu, tiba ya leo ni kuliondoa jicho mapema, pamoja na dawa zilizokwisha kujulikana. Hospitali ya macho ya Ruharo, Mbarara, Uganda, ilipoanza kuwapa watoto dawa hizo, waliopona waliongezeka. Mzazi akiambiwa habari nusu nusu za sindano iokoayo jicho, atakikataa kisu; na mtoto atakufa akiwa na macho yake mawili.

Basi ajaye na majaribio aje, lakini aulizwe. Karatasi ya kukubali itasomwa kwa Kirundi na Kiswahili, au kwa Kifaransa tu? Majaribio yakiisha, dawa itabaki au itapanda ndege pamoja na wenyewe? Mtoto wa miaka miwili hajui kukubali wala kukataa, basi anayemsemea na aelewe kila neno.

Nanyi mliosoma hapa zamani, mnaofanya kazi katika vituo vya afya toka Rumonge hadi Nyanza-Lac: mtoto huletwa kwenu kwa chanjo ya surua akiwa na miezi 9. Mtazameni mboni zote mbili kwa tochi, mahali penye giza kidogo, kabla mama yake hajamfunga mgongoni. Mkiona weupe, msimpe matone. Mwandikieni barua ya hospitali siku hiyo hiyo, na ndugu zake nao watazamwe, maana ugonjwa huu huweza kurithiwa.