Bushi Zikichoka, Mwenye Gari Asijifanye Kiziwi

Gari likipita juu ya rasta za barabarani na kugonga chini, gudu gudu, upande wa tairi la mbele, wengi wetu huongeza sauti ya redio tukaendelea na safari. Mlio ule una chanzo. Mara nyingi chanzo chake ni bushi, kipande cha mpira na chuma kinachoenea kiganjani, nacho kinalia kwa sababu kimekwisha. Nasema leo na wenye Corolla za miaka ya tisini, wenye Carina, wenye Mark II walizorithi kwa baba zao, na kila anayeendesha gari lililozeekea mikononi mwake: zimeni redio, sikilizeni, kisha twaeni spana wenyewe. Kubadili bushi za mbele ni kazi inayowezekana uani kwa mtu mzima mwenye subira, na mwenye subira huifanya vizuri kuliko inavyofanywa mbiombio kando ya barabara.

Bushi ni mabomba mawili ya chuma, moja ndani ya jingine, na kati yake mpira ulioshikamanishwa na chuma hicho kiwandani. Bomba la nje limeshindiliwa kwenye tundu la mkono wa chini, yaani ule mkono wa chuma unaolishika tairi kutoka ubavuni. Bomba la ndani limebanwa na boliti kwenye bodi ya gari, halizunguki. Humo ndani hakuna kinachoteleza. Mkono unapopanda na kushuka, mpira ndio unaosokoteka kidogo na kurudi, kama gegedu la goti linavyobeba mwili wa mtu bila mifupa kusagana. Jambo hili la kusokoteka msomaji alishike, maana nitalirudia, na ndani yake mna siri ya kazi nzima.

Mpira huu hufa kwa njia nyingi. Hukaushwa na joto la injini na la lami, hutafunwa na mafuta yanayovuja juu yake, huchanwa na matuta na mashimo, na hata usipoguswa na lolote kati ya hayo, umri peke yake huupasua. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda mwaka 2018 iliweka kikomo cha miaka 15. Lakini sheria hizo hutazama siku gari linapoingia. Gari lililofika Mombasa likiwa na miaka 8, likakaa kwetu miaka 10, mpira wake wa kiwandani umetimiza miaka 18. Huko Japani lilikotoka, gari la mtu binafsi halina budi kufaulu ukaguzi wa lazima kila baada ya miaka 2, baada ya ile miaka 3 ya mwanzo. Likishavuka bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, mkaguzi wake wa kila siku ni mwenyewe. Asipolikagua yeye, hatuko salama mimi na wewe tunaopishana naye barabarani.

Tena si suala la mlio peke yake. Bushi ikilegea, mkono wa chini hucheza mbele na nyuma, na tairi hubadili uelekeo bila usukani kuguswa. Kanyaga breki kwa nguvu, gari linavuta upande. Kimbiza kwenye barabara kuu, usukani unahitaji kusahihishwa kila mara, na dereva huanza kulaumu upepo. Matairi nayo yanaliwa upande mmoja, mara nyingi ule wa ndani ambao haonekani mtu akiuinamia kuutazama. Mdharau mwiba mguu huota tende. Katika magari mengi madogo bei ya bushi za mbele haifiki bei ya tairi moja jipya, lakini utamkuta mtu amekwisha kununua jozi mbili za matairi na bushi ni zile zile. Huyo hakubana matumizi.

Sasa nije kwenye hoja yangu kubwa. Tazama kazi hii inavyofanyika kwingi. Gari limenyanyuliwa kwa jeki, tairi limetolewa, mkono wa chini unaning'inia. Bushi mpya imeshindiliwa, mkono umerudishwa mahali pake, na boliti zinakazwa papo hapo kwa nguvu zote, kwa kuwa papo hapo ndipo spana inapofika kwa urahisi. Tairi linarudishwa, gari linashushwa, fedha zinalipwa. Lakini gari liliposhuka, mkono ulipanda hadi mahali unapokaa siku zote gari likiwa limesimama, na bomba la ndani la bushi lilikuwa limekwisha kubanwa, haliwezi kuufuata. Kilichobaki ni mpira kusokoteka. Umesokoteka gari likiwa limeegeshwa, umesokoteka usiku kucha, na kila tuta linausokota zaidi ya hapo. Mpira ulioundwa ujipinde kidogo huku na kidogo kule unavutwa upande mmoja tu mpaka uchanike. Baada ya muda mfupi mlio unarudi, mwenye gari analaani spea za siku hizi, muuza duka anatukanwa, wala kosa halikuwa la duka.

Dawa yake haina gharama yoyote. Boliti zinazopita kwenye bushi zishikizwe tu, zisikazwe, mpaka gari liwe limebeba uzito wake kwenye matairi. Rudisha tairi, shusha gari, lisukume mbele na nyuma kidogo, likandamize boneti mara kadhaa ili springi zikae, ndipo ukaze. Kama nafasi ya kuingia chini haitoshi, pandisha matairi yote juu ya mbao nene na pana zilizolala sawasawa. Wapo wanaopandisha mkono wa chini kwa jeki ya pili mpaka bodi inapoanza kunyanyuka kwenye stendi za chuma zinazoishikilia, wakakaza hapo. Nayo inakubalika, ingawa mimi napendelea gari lisimame lenyewe. Na boliti zikazwe kwa kipimo. Boliti hizi ndizo zinazoushika mkono wa chini kwenye bodi, na mara nyingi hukazwa kwa nguvu inayozidi nyutonimita 100, hivyo kitabu cha gari lako ndicho cha kuulizwa, pamoja na spana ya kupimia nguvu, ya kununua au ya kuazima.

Ninasisitiza kazi hii ifanyike nyumbani kwa sababu ukazaji huu unataka subira. Siwatukani mafundi. Fundi wa chini ya mwarobaini anangojewa na magari mengine, analipwa kwa gari na si kwa saa, na mwenye gari amesimama pembeni akitazama simu na kuuliza kama bado. Tunamharakisha sisi wenyewe, kisha tunalalamikia haraka yake. Mwenye gari anayefanya kazi uani kwake Jumamosi hana anayemsukuma. Boliti ikigoma saa nne asubuhi, ataimwagia mafuta ya kulegeza kutu, atakunywa chai, atairudia saa sita.

Kuna watakaosema tunamnyima fundi riziki yake. Hoja hiyo ina utu ndani yake, nami naiheshimu. Hata hivyo fundi hakosi kazi kwa mteja aliyeelimika. Injini, gia, umeme, uchomeleaji, hata bushi za fremu ya nyuma zinazodai presi kubwa, vyote vinabaki kwake. Tena mteja aliyewahi kukaza boliti moja kwa mkono wake hujua jasho la kazi, na akienda gereji halipi kwa manung'uniko. Wengine watasema, mimi si fundi. Hakuna aliyezaliwa fundi, na anayeweza kubadili tairi kando ya barabara usiku amekwisha kuanza.

Lakini hapa nisikilizwe kwa makini kuliko pote. Usiingize hata bega chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia, kushikilia ni kazi ya stendi za chuma, nazo ziwe mbili. Matofali hupasuka bila kuonya. Yadi zetu nyingi ni za mchanga, na mguu wa jeki huzama taratibu mtu asione. Weka ubao mpana na imara chini yake na chini ya kila stendi, na kama uwanja una mteremko, ahirisha, tafuta mahali pengine. Vuta breki ya mkono, tia vigingi nyuma ya matairi yaliyobaki chini, litikise gari kwa nguvu likiwa juu ya stendi kabla hujainama. Watoto wasicheze karibu. Asiye na stendi asianze kazi hii. Akanunue stendi kwanza, au ampelekee fundi gari lake.

Juu ya spea nina maneno machache makali. Katika maduka ya Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, utauziwa mkono mzima uliotolewa kwenye gari la Japani lililovunjwa, umesafishwa na kupakwa rangi nyeusi ukang'aa. Chuma chake huenda ni kizuri. Mpira wake una umri ule ule wa mpira unaoutoa. Ukinunua mkono kama huo, nunua na bushi mpya uzitie. Bushi zilizochongwa kwa mpira wa tairi kuukuu tusizinunue kabisa: hazikushikamanishwa na chuma, zinateleza badala ya kusokoteka, zinalika upesi, na wakati huo wote tairi linacheza. Zile za rangi kali, ngumu kama plastiki, ni kitu kingine. Hizo zimeundwa zizunguke kwenye bomba lake, zinataka grisi yake maalumu, hudumu, na humpa dereva kila jiwe la barabarani kupitia kiti. Kwa gari la kupeleka watoto shule, mpira wa kawaida wa kampuni inayoaminika unatosha, na ubadilishwe kulia na kushoto kwa pamoja.

Kazi yenyewe haina miujiza. Mwagia nati mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, hasa sisi wa pwani ambao vyuma vyetu vimeliwa na chumvi. Kabla ya kulegeza boliti yoyote inayorekebisha mkao wa tairi, ichore alama ya rangi ili irudi palepale. Boljointi, kile kiungo cha gololi mwishoni mwa mkono, ikikatalia kwenye tundu lake, ligonge tundu ubavuni kwa nyundo, usigonge nyuzi zake. Piga picha ya bushi kabla ya kuitoa, maana nyingi zina matundu kwenye mpira au alama ya kuonyesha upande, na ikikaa kombo haitafanya kazi iliyokusudiwa. Kuitoa bila presi kunahitaji boliti ndefu yenye nyuzi mwili mzima, nati, washa nene, na kipande cha bomba kipana kuliko bushi: ukikaza nati, bushi inavutwa na kuingia ndani ya bomba. Bomba la nje likigoma, likate kwa msumeno wa chuma polepole, ukikoma kabla hujaugusa mkono. Wapo wanaosifu kuitoa kwa kuichoma moto, mimi nakataza. Moshi wa mpira ni sumu, na bushi nyingine zina kimiminika ndani ambacho kikichemka humrukia mtu usoni. Mpya iingie kwa maji ya sabuni. Grisi ya kawaida na mafuta ya injini huula mpira.

Ukimaliza, endesha polepole mtaani, jaribu breki mahali pasipo na watu, kisha peleka gari likapimwe mkao wa matairi siku hiyo hiyo au kesho yake. Asiyepima amefanya nusu ya kazi. Baada ya siku chache ingia tena chini ukague kila nati.

Ninawaomba walimu wa vyuo vya ufundi wawafungulie wenye magari milango Jumamosi moja kwa mwezi, wawafundishe kazi hii kwa macho, wake kwa waume. Ninawaomba wazazi wawaite mabinti na vijana wao washike taa na waulize maswali. Nawe msomaji, usingoje mlio uzidi. Jumamosi ijayo lipandishe gari lako juu ya stendi, ingiza liva kati ya mkono na bodi, uusukume kidogo, utazame mpira kwa tochi. Ukiuona umepasuka hadi ndani au umeachana na chuma, usisafiri nalo mbali kabla hujaubadili.