Vijana Hawakuwa Adui Mkubwa wa Vita vya Vietnam

Marekani ya miaka ya 1960 hukumbukwa kwa sura moja: kijana mwenye nywele ndefu anapaza sauti barabarani kuvipinga Vita vya Vietnam, na baba yake amekaa sebuleni akiitetea serikali. Imani hii imeenea mno, na haina msingi.

Agosti 1965, miezi michache baada ya Rais Lyndon Johnson kupeleka vikosi vya kwanza vya mapigano, shirika la Gallup liliwauliza wananchi kama hatua hiyo ilikuwa kosa. Waliokubali walikuwa asilimia 24 tu. Miaka mitatu baadaye walikuwa wamevuka nusu. Lakini katika kura hizo za maoni, walioviunga mkono vita zaidi walikuwa watu wa chini ya miaka 30, na wenye mashaka makubwa zaidi walikuwa waliovuka 50. Hata elimu ilikwenda kinyume na hadithi: waliosoma chuo waliviunga mkono vita kuliko walioishia shule ya msingi.

Upinzani wenyewe ulianzia kwa watu wazima. Agosti 1964, Bunge lilipompa Johnson ruhusa ya kutumia nguvu Vietnam, maseneta 88 walikubali na wawili wakakataa. Kati ya hao wawili, Wayne Morse alikuwa na miaka 63, Ernest Gruening 77. Akina mama nao walikuwa wametangulia. Kikundi cha Women Strike for Peace, kilichoanza mwaka 1961 kwa kupinga majaribio ya mabomu ya nyuklia, kiliitwa Desemba 1962 mbele ya kamati ya Bunge iliyosaka wakomunisti. Wanawake walijaa ukumbini na watoto wao wachanga. Watoto wakalia, mama zao wakawapigia makofi mashahidi na kuwakabidhi maua. Kamati iliyozoea kutetemesha watu ikaishia kuchekwa magazetini. Baadaye akina mama hao waligeukia Vietnam. Januari 1968 maelfu ya wanawake waliandamana Washington nyuma ya Jeannette Rankin, aliyekuwa na miaka 87. Huyu alikuwa amepiga kura bungeni kupinga vita mwaka 1917, akarudia mwaka 1941.

Watetezi wa imani ile kuhusu vijana hukimbilia uchaguzi wa mchujo wa New Hampshire. Machi 1968 wanafunzi walinyoa ndevu, wakabisha hodi nyumba kwa nyumba kumwombea kura Eugene McCarthy, mpinga vita aliyepata asilimia 42 dhidi ya rais wa chama chake mwenyewe. Bidii yao haina ubishi. Ila watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipochunguza waliompigia McCarthy, waligundua kuwa waliotaka Johnson apigane kwa ukali zaidi waliwazidi waliotaka alegeze, kwa uwiano wa karibu watatu kwa wawili. Kura iliyosomwa kama kilio cha amani ilikuwa, kwa wengi wao, hasira dhidi ya rais asiyeshinda.

Katika uchaguzi wa rais wa Novemba mwaka huohuo George Wallace, mtetezi wa ubaguzi aliyemchukua Jenerali Curtis LeMay, mtetezi wa vita vikali, awe mgombea mwenza, alipata kura zinazokaribia milioni 10. Nje ya majimbo ya Kusini, vijana wa kizungu walivutwa naye kuliko wazee.

Ni kweli kwamba waliochoma kadi za kuitwa jeshini walikuwa vijana, kwa kuwa ndio walioitwa. Kamera nazo zilifuata moshi wa vyuo vikuu vya Berkeley na Columbia. Hazikumfuata fundi makanika wa miaka 22 aliyekuwa akivitetea vita gereji. Vijana wengi hawakuwa hata na kura, kwani umri wa kupiga kura katika majimbo mengi ulikuwa miaka 21 hadi marekebisho ya katiba yalipoushusha kufikia 18 mwaka 1971. Mwaka uliofuata George McGovern, mgombea wa amani, aliwategemea wapigakura hao wapya. Richard Nixon alishinda majimbo 49 kati ya 50, na karibu nusu ya kura za walio chini ya miaka 30 zilikuwa zake.