Kolera: tusianzie ku serumu

Munganga yeyote atakuambia: kukinga ugonjwa kuko na hatua tatu. Ya kwanza, ugonjwa usiingie. Ya pili, ukiingia, uonekane mapema. Ya tatu, mgonjwa asife wala asibaki na figo mbovu.

Sisi huku kandokando ya ziwa Tanganyika, kwa kolera tumezoea kuanzia mwisho. Watu wakishaanza kuhara, njo hema zinafika, na serumu, na klori, na wakubwa na kamera zao. Sikatai matibabu: kolera inaweza kuua mtu mu saa chache, na wakitibiwa mapema karibu wote wanapona. Wauguzi wale wanastahili heshima (na mshahara, lakini hiyo ni habari ingine).

Lakini muangalie Uvira. Watafiti walifuata maji ya robine na wagonjwa wa kolera toka 2009 mpaka 2014. Maji yalipokatika, mu siku 12 zilizofuata wagonjwa waliongezeka. Mama akikosa maji ku robine, anabeba bidoni yake mpaka ziwani ao mtoni, kule kule wengine wanafua na kuoga. Afanye nini? Kumuambia anawe mikono bila kumupa maji ni kumuchekelea.

Chanjo iko na inasaidia, ila nguvu yake inapungua na miaka. Basi wakubwa wakikuja kutuonyesha bajeti ya kupigana na kolera, tuwaulize kwanza: bomba ngapi zitatengenezwa, na maji yatatoka siku ngapi mu juma?