Mazungumzo ya Jamaa: Mtoto Avukapo Mpaka na Mzazi Mmoja



Katika barua tuzipatazo, swali moja hurudi kila mara, ingawa kila mwandishi hulivika nguo yake. Baba mmoja auliza: "Mke wangu amevuka mpaka pamoja na mtoto wangu, nami nilitoa mahari yote mpaka mbuzi wa mwisho. Je, huyo si mwizi?" Mama mmoja auliza: "Mume wangu hunipiga, na wazee wa ukoo wake wasema watoto ni wao. Nikiwachukua nikaenda nao Uganda, je, natenda dhambi?" Wote wawili wangojea jibu la neno moja. Neno hilo hatunalo. Lakini tunalo jambo tuliloliona kwa macho yetu, nalo twaona yafaa kulieleza, hata kama sehemu yetu ndani yake si ya kujivunia.

Lilitokea Kashuga, kijiji kilicho kwenye njia itokayo Mweso kwenda Kalembe na Pinga, pale Masisi inapokaribia Walikale. Wanaokijua watakumbuka jinsi kilivyokuwa mwaka 2012: wenyeji na waliohamishwa na vita wakiishi bega kwa bega, vibanda vya majani na maturubai vikipanda kilima, na kila usiku watu wakisikiliza bunduki zinalilia upande gani. Mwaka huo huo serikali ya Uganda ilifungua tena makao ya wakimbizi ya Rwamwanja, katika wilaya ya Kamwenge, kwa ajili ya Wakongo waliokuwa wakivuka kwa maelfu. Habari hiyo ilifika kwetu upesi kuliko gari lolote.

Alikuwapo huko bwana mmoja, mkulima wa maharagwe na viazi, aliyefunga ndoa kanisani. Kwa muda wa miaka miwili yeye na mke wake walikuwa hawaelewani. Mke alirudi kwao. Wazee wa pande zote mbili walikutana mara tatu. Mara ya kwanza walisema juu ya ng'ombe. Mara ya pili walisema juu ya ng'ombe. Mara ya tatu mtu mmoja aliuliza mtoto atakaa kwa nani, wakaghadhabika, wakaachana bila jibu. Mtoto alikuwa mvulana wa miaka sita. Wiki mbili baadaye risasi zililia karibu, watu wakakimbia ovyo, na vumbi lilipotulia mama na mtoto hawakuonekana. Baada ya siku nyingi mchuuzi mmoja alileta habari kwamba walipita Bunagana, wakalala katika kituo cha Nyakabande karibu na Kisoro, halafu wakapandishwa gari kupelekwa Rwamwanja.

Je, alikimbia vita au alimkimbia mume? Tumewasikia watu wakibishana juu ya jambo hilo mpaka leo. Sisi twadhani alikimbia vyote viwili, na huenda yeye mwenyewe asingeweza kuvitenganisha.

Baba alikuja kwetu na kalamu yake mwenyewe. Akasema: "Mwalimu, niandikie barua. Andika kwamba mke wangu ameiba mtoto." Tulikuwa vijana, tumetoka seminari punde, na kichwa chetu kimejaa Kilatini. Badala ya kumwuliza neno lolote, tulimwambia: "Baba, barua ya nini? Mtoto ni wako. Nenda kamchukue." Tulimhesabia hata nauli. Tulimweleza kwamba makao yale hayana ukuta, na kwamba mtoto huenda kuteka maji, na baba mwenye akili atajua la kufanya. Leo tukikumbuka maneno hayo twaona haya. Tulimfundisha mtu mzima kuvizia mtoto wake kisimani kama mwindaji avizia swala.

Alifunga safari siku ya Jumatatu. Akiwa njiani kwenda Mweso alikutana na katekista mzee, ambaye hakuwa na elimu yetu, na ambaye alikuwa amesikia habari zote, maana Kashuga hakuna siri. Mzee hakumzuia. Alimwuliza tu: "Mwanangu, ukimleta, atalala wapi usiku huu?" Bwana yule akatazama nyuma, kilimani, kwenye maturubai. Nyumba yake ilikuwa imekwisha kuezuliwa bati na watu wenye silaha, naye mwenyewe alikuwa akilala kwa dada yake, watu kumi na moja chumba kimoja. Alikaa kitako kando ya njia muda mrefu. Jioni akarudi.

Hapa na tuache kidogo habari yake, tuseme juu ya sheria, kwa sababu wengi hunena "sheria yasema" na hawajapata kuiona.

Sheria ya Jamaa ya Kongo, iliyotolewa tarehe 1 Agosti 1987 na kurekebishwa mwaka 2016, yamweka mtoto asiyetimiza miaka 18 chini ya mamlaka ya baba na mama pamoja. Ndoa ikivunjwa mahakamani, hakimu ndiye asemaye mtoto atalelewa na nani, naye hutakiwa kutazama faida ya mtoto. Yule asiyepewa mtoto hapotezi haki ya kumwona wala ya kuangalia malezi yake. Mahari ni jambo la ndoa, haimnunui mtoto. Najua, mtasema, desturi yetu yamhesabu mtoto kuwa wa ukoo wa baba. Ni kweli, na desturi hiyo ina wema wake: yampa mtoto jina, shamba, na watu wa kumzika. Lakini jina na shamba si sawa na mkono wa kumlisha asubuhi. Sheria ile ile yasema kwamba kila mtoto wa Kongo apaswa kuwa na baba, na kwamba mtu yeyote hana haki ya kumkana mtoto wake. Ingefaa wazee wa mabaraza wasome mambo haya kabla ya kuhesabu ng'ombe mara ya pili.

Mpakani nako kuna kanuni. Idara ya Uhamiaji, tuijuayo kwa jina la DGM, huomba karatasi ya ruhusa ya wazazi kwa mtoto asafiriye nje. Tena idara hiyo yajua kufunga mlango: tarehe 25 Septemba 2013 ilisimamisha ruhusa za kutoka kwa watoto waliochukuliwa na jamaa za kigeni wawe wana wao, na jamaa nyingi za Ulaya na Marekani zilikaa zikingoja miaka. Lakini mlango ni kitu kimoja, na ukuta ni kingine. Usiku wa vita mtu apitaye porini na mtoto mgongoni haombwi karatasi, wala si haki aombwe.

Mtoto akiisha kuvuka, kumrudisha kwa njia ya sheria ni kazi ngumu. Yako mapatano yaliyofanyika mjini La Haye tarehe 25 Oktoba 1980, ambayo mataifa zaidi ya 100 yameyakubali. Kwa mapatano hayo, mtoto chini ya miaka 16 aliyepelekwa nje bila haki na mzazi mmoja hurudishwa upesi katika nchi alimozoea kukaa, ili mahakimu wa huko waamue, isipokuwa ikionekana kwamba kurudi kutamtia katika hatari kubwa. Kongo haimo, wala Uganda, wala Rwanda. Basi asikudanganye mtu mwenye mkoba kwamba kwa dola mia mbili atakuletea hati ya La Haye! Sisi tunayo Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya 1989 juu ya Haki za Mtoto, ambayo kifungu chake cha 11 chaziagiza serikali kupigana na kuwapeleka watoto nje kwa njia isiyo halali. Tena Mkataba wa Afrika wa 1990 juu ya haki na ustawi wa mtoto, katika kifungu cha 29, unapokataza kuteka watoto, wataja waziwazi hata wazazi wenyewe. Baba na mama! Waliouandika walikuwa Waafrika, nao walitujua.

Mkristo mmoja alituandikia kwamba hata Yosefu Mtakatifu alimvusha Mtoto mpaka usiku, kwenda Misri, bila ruhusa ya serikali. Ndivyo, na twashukuru. Lakini ndugu yetu asome tena. Malaika hakumwambia Yosefu amchukue mtoto peke yake. Alimwambia amchukue mtoto pamoja na mama yake. Na walikimbia upanga wa Herode, hawakukimbia shauri la mahari. Mama ambaye mume wake ni Herode nyumbani, huyo akimbie, wala hatumhukumu. Kanisa lenyewe latambua kwamba watu wa ndoa waweza kutengana hatari inapokuwapo, na hapo hapo, katika kanuni ya 1154, laagiza kwamba ulishaji na malezi ya watoto yatunzwe vema.

Turudi Kashuga. Bwana yule hakwenda Rwamwanja. Katekista alimpeleka kwa watu wa Msalaba Mwekundu, nasi tukaandika barua ile ya namna yao, iliyo wazi, ya habari za jamaa tu, isiyo na vita wala siasa. Safari hii tulikaa kimya, yeye akasema, sisi tukaandika. Alianza kwa kumtukana mke wake, akafuta. Akaanza tena, akafuta. Mwisho barua ilikuwa na mistari minne: kwamba yu hai, kwamba bibi yake mtoto yu hai, kwamba mbuzi mweusi amezaa, na kwamba aandikiwe kama mtoto aenda shule.

Jibu lilikaa miezi mitano. Na lilipatikana kwa sababu moja tu, ambayo twaomba akina mama waisikie sana. Katika kuandikishwa kule, wanawake wenzake walimshauri mama yule aseme kwamba mume amekufa, maana wengi waliamini kwamba faili la mjane hutembea upesi. Naye alikataa. Alisema: "Baba yake yu hai, yuko Kashuga, jina lake ni hili." Alikuwa na hasira naye, lakini hakumzika angali mzima. Kwa hiyo Msalaba Mwekundu walipotafuta, walipata. Tena alikuwa na karatasi ya kuzaliwa ya mtoto, iliyokunjwa ndani ya kitambaa. Wazazi wangapi kwetu wanayo? Sheria ya 2009 ya kuwalinda watoto yataka mtoto aandikishwe serikalini ndani ya siku 90, na bado twawaona watoto wa darasa la tano wasio na hata kipande cha karatasi chenye jina la baba.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 2016. Mwaka ule Marekani ilipokea wakimbizi Wakongo 16,370, wengi kuliko wa taifa lolote lingine, na mama yule na mtoto walikuwa katika orodha ya waliofikiriwa. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa halimpeleki mtoto nchi ya mbali na mzazi mmoja bila kuuliza juu ya mwingine. Akiwapo, huombwa kibali chake. Akikataa, au wazazi wakiwa na ugomvi, huketi watu wa kupima jambo gani lamfaa mtoto kuliko yote. Basi swali likafika Kashuga: Baba, je, wakubali?

Alitujia tena. Tulikuwa na umri zaidi kidogo, hatukumwambia la kufanya. Alisema: "Mwalimu, Uganda naweza kwenda kwa miguu. Huko nitakwendaje?" Hatukuwa na jibu. Dada zake walimwambia akatae, ng'ombe bado hawajarudi. Mkwe wake mzee, ambaye walikuwa hawasalimiani, alimtumia ujumbe kwamba akikubali atamletea ndama. Jambo hilo lilimchukiza kuliko yote. Akasema: "Sasa wananiuzia mwanangu mwenyewe." Ndama hakumpokea. Alikaa wiki nne. Kila Dominika tulimwona kanisani amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Alitia sahihi. Aliomba mambo mawili yaandikwe: kwamba mtoto asibadilishiwe jina, na kwamba apelekewe picha kila mwaka. Karani alimwambia kwa upole kwamba la pili si la karatasi ile, aliombe kwa mama mwenyewe. Aliliomba, kwa barua, ya kwanza aliyomwandikia mke wake yeye mwenyewe baada ya miaka minne.

Picha zilikuja, si kila mwaka. Sasa mtoto yule ni kijana mrefu, ana ndevu changa, na huzungumza na baba yake kwa simu pale mtandao unaposhika. Kiswahili chake kina milio ya kigeni, naye humwita baba yake "mzee," jambo ambalo baba hulisikia vibaya kidogo, ingawa hajalisema. Siku hizi vita vimewahamisha watu wa Kashuga tena na tena, na bwana yule amelala mahali pengi. Karatasi zake hubeba ndani ya chupa ya plastiki, zisilowe.

Mara ya mwisho kijana aliuliza: "Siku ile uliporudi kutoka njiani, kwa nini hukuja?" Baba alituletea swali hilo tumsaidie. Tulimwambia kwamba sehemu ya jibu ni yetu, na kwamba tuko tayari kuisema kwenye simu, kwa sauti yetu. Amesema atafikiri. Tunangoja atuite.