Elimu Chini ya Kufuli
Januari 1953, Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, liliwaita wanasayansi watano chini ya Profesa H. P. Robertson wapime habari za visahani virukavyo. Nyaraka zilizokuja kufunguliwa zadhihirisha walichopendekeza: umma utolewe hamu kwa televisheni na sinema, na vikundi vya raia waliovifuatilia vitupiwe jicho. Kusema kwamba hakuna ushahidi wa hatari ni kazi ya mtaalamu; kushauri raia wachungwe ni kazi ya askari. Wanazuoni hao walizichanganya, kisha wakakubali hoja zao zitiwe kufuli. Basi kwa haki gani amchekwe asiyewaamini? Mficha uchi hazai: elimu iliyofichwa haikuzaa utulivu, ilizaa shaka.